Kati ya Kisima na Kikombe

Kwa miongo mingi juhudi za kuwapatia wakazi wa nchi zinazoendelea maji salama ya kunywa zimeelekezwa zaidi kwenye chanzo, yaani kisima, chemchemi au bomba la mtaa, kwa imani kwamba maji yakiwa safi pale yanapotekwa yatakuwa safi pia pale yanapofika kinywani. Imani hiyo inaingia akilini, lakini vipimo vya majumbani vimeikanusha mara nyingi. Mwaka 2004 watafiti Jim Wright, Stephen Gundry na Ronan Conroy walikusanya matokeo ya tafiti 57 zilizolinganisha maji ya chanzo na maji yaliyohifadhiwa nyumbani, wakabaini kwamba katika sehemu nyingi maji huchafuka baada ya kutekwa, na kwamba tofauti huwa kubwa zaidi pale ambapo chanzo chenyewe ni safi. Kadiri kisima kilivyo kizuri, ndivyo ndoo, mtungi na mkono wa mchotaji vinavyokuwa na kikubwa zaidi cha kuharibu.

Mfano ulio karibu unatoka magharibi mwa Kenya, ambako timu ya wachumi iliyomjumuisha Michael Kremer, mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019, ilifuatilia chemchemi ambazo jicho lake lilifunikwa kwa zege na maji yake kuelekezwa kwenye bomba, badala ya kuachwa wazi pale watu na ng'ombe wanapokanyaga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba uchafu wa kinyesi ulipungua kwa asilimia 66 kwenye chemchemi, ilhali nyumbani upungufu ulikuwa mdogo kuliko huo, kwa kuwa maji yaliyotekwa yakiwa safi yalichafuka upya kabla ya kunywewa. Kuhara kwa watoto kulipungua kwa robo hata hivyo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba zege lile lilikuwa kazi bure. Lililobaki wazi ni kwamba sehemu ya faida ilipotelea njiani.

Uchafu unaozungumziwa hapa hauonekani. Maabara huutambua kwa kuhesabu bakteria aitwaye E. coli, ambaye makazi yake ya kawaida ni utumbo wa binadamu na wanyama wenye damu moto, na ambaye akikutwa majini huwa ni shahidi kwamba kinyesi kimefika humo, hata kama yeye mwenyewe mara nyingi hana madhara. Shirika la Afya Duniani linataka asipatikane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa, kiasi kisichojaza nusu ya glasi ya kawaida. Pamoja na shahidi huyo huweza kuwamo wahalifu wenyewe: vimelea vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, vya kuhara damu, virusi vya homa ya ini na vile vinavyowaharisha watoto wachanga.

Namna wanavyoingia inaeleweka vizuri zaidi maji yakifuatiliwa hatua kwa hatua. Dumu la lita 20, lililokuwa la mafuta ya kula, huwekwa chini kwenye tope la kisimani, na kwa kuwa kizibo chake kilipotea siku nyingi, mdomo wake huzibwa kwa gunzi la muhindi au kipande cha nailoni. Anayetumia ndoo na kuibeba kichwani hutandaza majani juu ya maji yasimwagike, na majani hayo huchumwa popote kando ya njia. Nyumbani maji humiminwa kwenye mtungi au pipa ambalo halijasafishwa, juu ya masalio ya jana, kisha familia nzima huanza kuchota, wakiwamo watoto waliotoka kucheza uani na mama ambaye muda mfupi uliopita alikuwa akimsafisha mtoto mchanga. Kata, ambayo asili yake ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini, ni chombo chenye busara kuliko kinavyoonekana, kwa sababu mpini wake mrefu huuweka mkono mbali na maji. Tatizo ni kwamba katika nyumba nyingi nafasi yake imechukuliwa na kikombe cha plastiki kisicho na mpini, kinachozamishwa pamoja na vidole vinne vilivyokishika, kisha kikaachwa juu ya kifuniko au sakafuni hadi kiu ya mtu mwingine.

Kaya haina maabara, na vipimo vyake ni jicho na ulimi. Maji yenye tope hukataliwa na yaliyo maangavu hukubaliwa; maji ya chumvi huachiwa kufulia na kuoshea vyombo, na yale ambayo watu wa pwani huyaita maji matamu au maji baridi huwekwa ya kunywa. Zipo nyumba ambazo mtungi hufukizwa ubani kabla ya kujazwa ili maji yatoke na harufu nzuri, desturi ya kupendeza isiyopaswa kubezwa, kwani inaonyesha kwamba maji ya kunywa yamepewa heshima yake. Lakini jicho na ulimi havimwoni bakteria, na mara nyingi vinatoa hukumu iliyo kinyume kabisa: maji ya kisima kifupi kilichochimbwa mita chache kutoka choo cha shimo yanaweza kuwa maangavu na matamu, huku maji yaliyotiwa dawa yakikataliwa kwa sababu yananuka. Sehemu kubwa ya ugumu wa suala hili inatokana na mgongano huo kati ya maji yanayopendeza na maji yaliyo salama.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mwaka 2022 watu bilioni 2.2 hawakuwa na huduma ya maji ya kunywa inayosimamiwa kwa usalama, maana yake maji yanayopatikana nyumbani, wakati yanapohitajika, na yasiyo na uchafu. Na wasiopungua bilioni 1.7 walitumia chanzo chenye kinyesi. Shirika hilo linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1 hufariki kila mwaka kwa kuhara kunakotokana na maji yasiyo salama, vyoo duni na mikono isiyonawiwa, wakiwamo watoto 395,000 walio chini ya miaka mitano.

Magonjwa yenyewe hayafuati njia moja, na waliolieleza jambo hilo vizuri zaidi walifanya kazi yao Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1966 na 1968 mwanajiografia Gilbert White, mkewe Anne White na daktari David Bradley waliwachunguza watekaji maji katika maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania, na kitabu walichokitoa mwaka 1972 kiliyagawa magonjwa ya maji katika makundi ambayo wanafunzi wa afya ya jamii wanayasoma hadi leo. Kundi la kwanza ni la yale yanayomezwa pamoja na maji, kama kipindupindu. La pili ni la yale yanayostawi pale maji yanapokosekana ya kunawia, kama trakoma na upele. La tatu linahitaji kiumbe aishiye majini, kama konokono wa kichocho. Na la nne huenezwa na wadudu wanaozaliana majini au kuuma karibu na maji. Kuhara kumo katika kundi la kwanza na la pili kwa pamoja, na hapo ndipo pana fundisho: nyumba yenye ndoo moja ya maji yaliyotibiwa kikamilifu, lakini isiyo na maji ya kutosha kunawia mikono, bado ina njia wazi ya maradhi.

Miaka thelathini baadaye watafiti wengine walirudi katika maeneo yale yale na kukuta kwamba matumizi ya maji katika nyumba zenye bomba yalikuwa yamepungua karibu kwa nusu, kwa kuwa mabomba yalikuwepo lakini hayakutoa maji kwa uhakika. Neno mgao linajulikana kwa kila mkazi wa mji, na mgao maana yake ni kuhifadhi. Unguja ilipata maji ya mfereji kutoka chemchemi za Bububu tangu enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala mwaka 1870 hadi 1888 na aliyeshika madaraka mara tu baada ya kipindupindu kikali cha mwaka 1869 na 1870, ambacho daktari James Christie alikiandikia kitabu kizima mwaka 1876. Hata hivyo mitungi, na baada yake madumu na matangi ya plastiki, havikuondoka majumbani, na mlipuko wa kipindupindu uliozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulivuka bahari na kuingia Zanzibar mwezi uliofuata. Maadamu maji hutoka kwa siku maalumu, au huletwa na boza au mkokoteni, chombo cha kuhifadhia ni sehemu ya mfumo wa maji sawa na bomba lenyewe, ingawa hakuna mamlaka inayokikagua.

Kwa nini umbo la chombo liwe na uzito mkubwa hivyo? Katika mitaa ya wanyonge ya Calcutta, India, miaka ya 1980, familia zilizopewa chombo cha udongo chenye shingo nyembamba, mfano wa kuzi au guduria la pwani, ziliambukizana kipindupindu kwa kiwango kidogo sana kuliko zile zilizoendelea na vyombo vya mdomo mpana, kwa sababu tu mkono hauingii shingoni na maji lazima yamiminwe. Mwaka 1993 jaribio kama hilo lilifanyika katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, ambako baadhi ya kaya zilipewa ndoo zenye kifuniko kisichofunguka chote na mdomo wa kumiminia. Bakteria wa kinyesi katika maji ya kaya hizo walipungua kwa asilimia 69, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kukapungua kwa asilimia 31, bila kutiwa tone la dawa zaidi ya ile iliyokuwemo kwenye maji ya kambi.

Kwa hiyo dumu linalodharauliwa lina ubora kuliko ndoo ya wazi, mradi liwe na kizibo na lisiwe limewahi kubeba dawa ya mifugo, kemikali za viwandani au mafuta ya taa. Udhaifu wake ni kwamba ndani hakufikiki kwa mkono, na baada ya majuma machache kuta zake huota utelezi wa kijani ambao ni makazi ya bakteria waliojishika na kujifunika kwa ute, wasiotoka kwa kusuuzwa. Utelezi huo hutoka kwa kutia konzi ya mchanga safi au changarawe, maji kidogo na sabuni, kisha dumu likatikiswa kwa nguvu na kusuuzwa mara kadhaa. Mtungi wa udongo, ambao maji hupenya kwenye vinyweleo vyake na kuupoza kwa kukauka, bado unapendwa kwa ubaridi wake, na katika sehemu kadhaa za Afrika mafundi wameufanya kuwa salama zaidi kwa kuufinyanga ukiwa na mdomo mdogo na bomba dogo chini. Kifuniko kina faida ya ziada ambayo miji ya pwani inaihitaji sana: mbu aina ya Aedes hutaga mayai kwenye maji safi yaliyotuama ndani ya mapipa na matangi yaliyo wazi, na ndiye aliyeeneza homa ya dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019.

Chombo kizuri hulinda maji safi, lakini hakisafishi yaliyoingia yakiwa machafu, na hapo ndipo matibabu ya maji yanapoanza. Kuchemsha ndiyo njia kongwe na ya hakika zaidi dhidi ya vijidudu vya kila aina: maji yakishatokota vizuri kwa dakika moja, au dakika tatu katika nyanda za juu zaidi ya mita 2,000, bakteria, virusi na vimelea vingine vinavyoleta maradhi vimekufa. Gharama yake ni kuni, mkaa au gesi, na kwa familia inayopima mkaa kwa kopo, kuchemsha dumu zima kila siku ni kushindanisha maji na ugali. Kasoro ya pili haisemwi mara nyingi. Maji yaliyochemshwa hayabaki na kinga yoyote, na huo ndio wakati yanapoachwa yapoe kwenye sufuria isiyofunikwa, kisha yakahamishiwa kwenye chombo kingine na kuchotwa kwa kikombe kile kile. Inafaa yapoe ndani ya chombo yalimochemshiwa, yakiwa na kifuniko chake, na yakimiminwa yaingie moja kwa moja kwenye chombo safi chenye shingo au bomba.

Klorini inatofautiana na moto katika jambo hilo hasa. Sehemu ya dawa hutumika kuua vijidudu na kuunguza uchafu mwingine, na sehemu inayosalia, ambayo wataalamu huiita masalio ya klorini, hubaki majini ikimsubiri kijidudu atakayeingia baadaye kwa mkono au kikombe. Hata miligramu 0.2 kwa lita ni kinga yenye maana. Wazo la kuipeleka klorini hadi nyumbani lilipata nguvu baada ya kipindupindu kuingia Peru mwezi Januari 1991, ambapo katika mwaka huo mmoja nchi hiyo ilipata wagonjwa zaidi ya 300,000. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kikishirikiana na Shirika la Afya la nchi za Amerika kilibuni utaratibu wenye mambo matatu, yaani dawa hafifu ya klorini inayotiwa nyumbani, chombo chenye mdomo mwembamba, na elimu ya matumizi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 utaratibu huo ulifika Kenya na Tanzania kwa jina la WaterGuard, jina ambalo kwa watu wengi limekuwa sawa na neno dawa ya maji.

Dawa hiyo ni ndugu wa ile ya kung'arishia nguo nyeupe, lakini imezimuliwa zaidi na haina manukato, kwa hiyo moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine kwa kukisia. Kipimo huandikwa kwenye chupa kwa kila lita 20, na kwa kuwa nguvu ya dawa hutofautiana, maelekezo ya chupa iliyopo mkononi ndiyo ya kufuatwa. Baada ya kutiwa, maji husubiri dakika 30. Maji yenye tope huhitaji kipimo maradufu, kwa sababu tope huila dawa kabla haijawafikia bakteria, na ni afadhali yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa, ndipo yatiwe dawa. Klorini nayo ina mipaka: kimelea aitwaye Cryptosporidium ana ganda linaloistahimili, na mwaka 1993 aliwaharisha wakazi wapatao 400,000 wa mji wa Milwaukee, Marekani, waliokuwa wakinywa maji ya bomba yenye klorini ambayo hayakuchujwa ipasavyo.

Kikwazo kikubwa zaidi cha klorini kiko kwenye mazoea. Dawa ilipouzwa dukani, hata kwa bei iliyopunguzwa, ni sehemu ndogo tu ya kaya iliyoendelea kuinunua kila mwezi, maana maji yenye harufu, yaliyolipiwa, na ambayo faida yake ni ugonjwa usiotokea, ni bidhaa ngumu kuuza. Kutokana na uzoefu huo Kenya magharibi ilizaa njia nyingine: tangi dogo la klorini husimikwa kwenye nguzo kando ya chemchemi au kisima, na kila mtekaji hugeuza kidude kinachodondosha kipimo cha dumu moja, bila malipo. Mahali pake pamechaguliwa kwa akili, kwa sababu mwendo wa kurudi nyumbani hutikisa na kuchanganya dawa huku muda wa kusubiri ukihesabika, na kwa sababu majirani wanaonana. Watumiaji waliongezeka mara nyingi kuliko wale wa dawa ya dukani, na matangi hayo yameenea pia Uganda na Malawi.

Njia nyingine ni za bei ndogo lakini zina sharti. Nchini Bangladesh, timu ya Rita Colwell iliwafundisha wanawake wa vijiji 65 kuchuja maji ya madimbwi kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne, na katika miaka mitatu kipindupindu kikapungua kwa asilimia 48, kwa kuwa bakteria wake hupenda kujishika kwenye viumbe wadogo wa majini wanaonaswa na nguo. Sari iliyochakaa ilifanya kazi kuliko mpya, kwani nyuzi zilizofuliwa mara nyingi hukaribiana. Kitambaa hakimzuii bakteria anayeelea peke yake. Kwa maji ya kisimani hutangulia tu dawa au moto. Nguo na vichujio vya namna hiyo vilisaidia pia kumfukuza mnyoo wa Guinea, ambaye mwaka 1986 aliwapata watu wapatao milioni 3.5 na mwaka 2023 akapatikana kwa watu 14 tu duniani. Shabu, jiwe la chumvi linaloyeyushwa kwenye maji ya tope, na mbegu za mlonge zilizotwangwa, ambazo wanawake wa kando ya Nile nchini Sudan wamezitumia kwa vizazi, hukusanya tope na kulizamisha pamoja na bakteria wengi. Maji hutoka maangavu, na hatari yake ni hiyo hiyo, kwamba yanaonekana salama kabla ya kuwa salama.

Jua nalo huua. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ikijazwa maji maangavu na kulazwa juu ya bati kwa saa 6 za jua, au siku 2 za mawingu, mwanga wake na joto huwaangamiza vijidudu, njia iliyochunguzwa kwanza na Aftim Acra huko Beirut. Kipimo cha uangavu ni rahisi: chupa husimamishwa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, na herufi zikisomeka kwa kutazamia mdomoni, maji yanafaa. Miongoni mwa Wamasai wa Kenya, wakati wa mlipuko wa kipindupindu, watoto 3 tu kati ya 155 wa chini ya miaka sita waliokunywa maji ya jua ndio waliougua, dhidi ya 20 kati ya 144 wa nyumba nyingine. Kichujio cha udongo, kilichobuniwa na Fernando Mazariegos nchini Guatemala mwaka 1981, hufinyangwa kwa udongo uliochanganywa na unga wa mbao, ambao ukiungua tanuruni huacha vinyweleo vya kupitisha maji lita moja hadi tatu kwa saa, kisha hupakwa madini ya fedha. Huketi ndani ya ndoo yenye bomba, kwa hiyo husafisha na kuhifadhi kwa wakati mmoja. Adui yake ni kuvunjika; huko Kambodia ilionekana kwamba karibu asilimia 2 ya vichujio huacha kutumika kila mwezi.

Kuna uchafu ambao hakuna kati ya njia hizo unaougusa. Kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro na katika Bonde la Ufa, miamba ya volkano hutoa floridi inayozidi mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na dalili yake ni meno ya rangi ya kahawia yanayowatambulisha wenyeji wa Arusha popote waendapo, na kwa waliozidiwa, mifupa iliyopinda. Kuchemsha hakusaidii, kadiri mvuke unavyotoka ndivyo floridi inavyokolea katika maji yanayobaki. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimetumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuinasa, na Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha alibuni kichujio kinachorekebishwa kulingana na uchafu wa mahali, kilichompatia mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza.

Je, kutibu maji nyumbani kunaokoa maisha kweli? Ushahidi haukubaliani kama wauzaji wa vichujio wanavyodai. Huko Odisha, India, baadhi ya kaya zilipewa vidonge vya klorini na nyingine vidonge visivyo na dawa bila kujua, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 hayakuonyesha tofauti ya kuhara. Lakini ni karibu theluthi moja tu ya sampuli za maji ya kaya zenye dawa zilizokutwa na masalio ya klorini. Jaribio kubwa la Bungoma, Kakamega na Vihiga, magharibi mwa Kenya, lililochapishwa mwaka 2018 nalo halikupunguza kuhara. Kwa upande mwingine, Kremer na wenzake walipounganisha majaribio mengi waliona kwamba kutibu maji hupunguza vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa takriban robo. Tafsiri inayoelekea kuwa sahihi ni kwamba dawa hufanya kazi mwilini mwa anayeitumia siku zote, na haimsaidii anayeitumia Jumatatu na Jumatano, wala mtoto anayekunywa maji safi nyumbani na ya kisima shuleni.

Siku zote hizo zina mwenyewe. Kuchota, kuchuja, kuchemsha, kupoza, kusugua dumu na kukumbuka kipimo ni kazi inayomwangukia mama na binti, juu ya nyingine zisizohesabiwa, na mpango wowote unaompa mama chupa ya dawa na kumlaumu baadaye kwa kutoitumia umemhamishia mzigo ambao katika miji yenye bahati hubebwa na mtambo mmoja kwa niaba ya watu milioni. Jersey City, Marekani, ilianza kutia klorini maji ya mji mzima mwaka 1908, na hakuna mama wa huko anayeulizwa kama ametibu maji leo. Matibabu ya nyumbani ni ngao ya muda, na serikali inayoyahubiri huku mabomba yake yakitoa maji siku mbili kwa wiki inastahili kuulizwa itamaliza lini.

Mpaka jibu lije, hatua nafuu kuliko zote haihitaji duka. Mwenye dumu na alilaze ayamimine maji kikombeni. Na asiye na chombo ila ndoo ya wazi, aifunike, atafute kata yenye mpini mrefu, aitundike ukutani isiguse sakafu, na asiruhusu kikombe cha mtu yeyote, awe mgeni au mtoto, kuzamishwa humo.